Tundu la Mgongoni

Juni 11

Redio imetangaza asubuhi kwamba majira ya mvua yameingia. Mtaa mzima umenuna: nguo hazitakauka, mikeka itaota ukungu, na mama wa duka la tofu ameshaanza kulalamikia magoti. Ni katika nyumba yetu tu ambako watu wanacheka. Urushi, huu utomvu wa mti tunaoupaka kwenye deraya za kale, hautaki jua. Unakauka kwa unyevu. Hewa ikiwa kavu unanata wiki nzima. Mwalimu wangu, marehemu Shibuya, alikuwa akisema kwamba mwezi huu mbingu zinafanya kazi karakanani kwetu bila mshahara.

Mgonjwa wa kwanza wa mvua ameletwa na teksi. Ni deraya ya Mzee Igari, ndani ya sanduku lake la zamani, na mwenyewe ameliegemea ili asianguke. Ana miaka themanini na sita na kifua chake kinapiga mluzi.

"Bi Hoshi, tumekuja wagonjwa wawili," akasema. "Mmoja anaweza kupona."

"Yupi?" akauliza dada Kinue kutoka ndani, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Anataka kamba za hariri zisukwe upya, na urushi uliobanduka kwenye mikono na mapaja upakwe tena. Siku za wafu, mwezi wa Agosti, anataka deraya isimame sebuleni kwake mara moja ya mwisho. Baada ya hapo ataikabidhi kwa chama cha wahifadhi wa silaha za kale hapa mjini. Watakuja karakanani tarehe ishirini ya mwezi ujao kuikagua na kuiandika daftarini.

"Na huku nyuma?" nikauliza.

Mzee akatazama viatu vyake. "Huku nyuma unajua mwenyewe. Mji mzima unajua."

Ni kweli, tunajua. Mwaka wa vita, jeshi la serikali mpya lilipoivamia Aizu, babu wa babu yake, Igari Yagorō, alirudi hai kutoka njia ya mlimani ambako wenzake wengi walibaki. Bamba la mgongo la deraya yake lilikuwa na alama ya risasi. Risasi ya mgongoni humpata aliyempa adui mgongo. Jina lake halikuchongwa kwenye jiwe la kaburi la ukoo, na tangu siku hizo akina Igari wanaitwa watu wa mgongo. Miaka mia moja na hamsini na zaidi imepita, lakini huku Aizu vita vile ni vya juzi.

Juni 12

Mvua. Unyevu wa hewa asilimia sabini na nane. Tumekata kamba zote, na deraya imelala mezani vipande vipande. Kinue amechora kila fundo kabla ya kulikata.

Juni 14

Mvua nyembamba. Unyevu themanini.

Leo nimeliweka bamba la mgongo mapajani nikalitazama kwa muda mrefu. Kibonyeo kiko chini kidogo ya bega la kushoto, upana wake kama sarafu. Watu hukiita tundu, ingawa risasi haikupenya. Tundu lipo vinywani mwao tu.

Kuna jambo sijawahi kuliandika popote. Nilipokuwa darasa la tano nilikaa nyuma ya Natsuko, binti wa Mzee Igari. Siku moja nilichukua kipande cha chaki nikamchorea duara mgongoni, kwenye koti lake la bluu, chini kidogo ya bega la kushoto. Hakusikia. Alitembea na duara lile mapumziko yote, akaruka nalo kamba, akaenda nalo ubaoni, na darasa zima likafa kwa kicheko mpaka mwalimu alipomgeuza. Hakulia. Aliuliza tu ni nani, na watoto thelathini na sita wakatazama madawati yao. Mimi nililitazama la kwangu kwa bidii kuliko wote.

Baada ya siku hiyo duara likawa mchezo wa shule nzima. Natsuko alipomaliza masomo alihamia Sapporo, na huku harudi ila kwa mazishi. Nina miaka sitini na moja, na mpaka leo nikishika chaki nasikia uso unawaka.

Juni 17

Mvua tangu alfajiri. Unyevu themanini na tatu. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kinue alikwenda kupimwa macho nikabaki peke yangu na bamba. Urushi ndani ya kibonyeo ulikuwa umefifia na kupasukapasuka. Nikajisemea: hiki ni kiraka cha fundi wa kijijini aliyekuja baada ya vita, hakina thamani. Nikashika patasi ndogo. Kanuni ya Mwalimu Shibuya iko ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe: Chora, piga picha, ndipo uguse. Nilikuwa nimekaa chini yake hasa.

Sikuchora, wala sikupiga picha. Nilijiambia ni kuokoa muda. Ukweli ni kwamba picha ingebaki kuonyesha kuwa tundu liliwahi kuwepo, na mimi nilitaka lisiwe limewahi kuwepo. Nikakwangua mpaka chuma kikaonekana. Kisha nikakwangua na ukingo wake, upana wa kidole kila upande, ili kiraka changu kishike vizuri. Nikakanda udongo laini na urushi, nikajaza, nikaliweka bamba ndani ya kabati la unyevu, lile tunaloliita bafu.

Mwenye mali sikumwuliza. Nilitaka siku za wafu aigeuze deraya yake, apapase, akute mgongo laini, asijue hata ni nani wa kumshukuru. Nilijiona mwema kweli. Nilipiga hata mluzi.

Juni 18

Mvua kubwa. Vipele vya urushi, ambavyo huwapata wanagenzi, vimenitoka viganjani, mimi niliyeushika utomvu huu miaka arobaini. Kinue anasema ni uzee.

Juni 21

Kinue ameona.

"Fumie, tundu liko wapi?"

"Nimeliziba."

"Mzee alikuomba?"

"Hapana."

Akaweka chini kamba alizokuwa anasuka. "Kwa hiyo tarehe ishirini chama kinakuja. Kila mtu anajua tundu lilipo, hata watoto. Wanaligeuza bamba, hakuna kitu. Watasema nini?"

Nilikuwa sijawaza hilo hata kidogo.

"Watasema mzee ameomba azibiwe aibu yake," akaendelea. "Ukoo ulikuwa na mkimbizi mmoja. Sasa utakuwa na mkimbizi na mwongo. Hongera, mdogo wangu, umewaongezea."

Akarudi kwenye kamba zake. Kinue akikasirika husuka vizuri zaidi, na leo amesuka bega zima la kulia bila kosa. Mimi nimemwambia kwamba kazi ikimalizika nitaongea na mzee. Mama alikuwa akisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha uchi wa mtu mwingine, tena bila ruhusa yake.

Juni 25

Unyevu themanini na tano. Tabaka la tatu. Leo Kinue amenipa maneno mawili tu: "chai" na "pisha".

Juni 28

Limekamilika. Nimefumba macho nikapitisha kidole mgongo mzima, sikuhisi kiraka kilipo. Kazi safi kama hii sijawahi kuifanya. Nilisimama pale nikijisifu, na nayaandika haya ili niyakumbuke.

Julai 1

Mvua.

Kinue hatupi kitu cha watu. Kila ninapokwangua, yeye hufagia vumbi na magamba akayatia ndani ya kopo la chai na kubandika karatasi. Leo nilitafuta kipande cha urushi wa zamani ili nilinganishe weusi wa mapaja, nikakuta kopo limeandikwa: "Juni 17. Mgongo wa Igari. Aliyekwangua: Fumie." Nikalimwaga juu ya karatasi nyeupe. Kulikuwa na gamba moja kubwa, kama ukucha wa dole gumba, lililobinuka kufuata umbo la kibonyeo. Nikalisimamisha na kulitazama ukingoni kwa lenzi.

Chini kabisa palikuwa na kitambaa cha katani, juu yake udongo, juu yake nyeusi, kisha nyekundu, kisha nyeusi mbili.

Nikachukua bamba lenyewe, pale chini lilipomeguka zamani, nikatazama ukingo wake. Kitambaa, udongo, nyeusi, nyekundu, nyeusi mbili. Nikatazama bega, nikatazama paja. Ni mpango ule ule kila mahali.

Nyekundu ndiyo iliyonikalisha chini. Fundi wa kuweka kiraka baada ya vita angeona deraya nyeusi, akapaka nyeusi. Asingejua kwamba ndani kuna nyekundu, kwa sababu kwa nje haionekani popote. Anayeijua ni yule aliyeitengeneza deraya yenyewe, na huyo alikufa miaka mia mbili kabla ya vita. Yeye ndiye aliyepaka urushi ndani ya kibonyeo. Maana yake kibonyeo kilikuwepo kabla ya urushi.

Zamani fundi aliyejiamini aliitundika kazi yake mtini na kuipiga risasi kabla ya kuipaka. Chuma kikikataa kupenywa, alama iliachwa makusudi, ikapakwa urushi pamoja na deraya nzima, na mnunuzi akaonyeshwa: tazama, hii imepimwa. Kila fundi anajua hivyo. Mimi nimewafundisha watu hivyo. Lakini alama za namna hiyo tumezoea kuzitafuta kifuani, na mgongo wa Igari mimi nilikuwa nimeshausoma tangu nina miaka kumi na moja.

Risasi ile haikumkuta Yagorō akikimbia. Ilikuwa pale kabla hajazaliwa. Huenda vitani alikimbia, huenda hakukimbia, tundu halikuwa na habari yoyote ya vita.

Ushahidi ulikuwa ni zile tabaka, zilizotoka bambani zikashuka mpaka ndani ya kibonyeo bila kukatika. Mtaalamu yeyote angezisoma kwa dakika moja. Zilipita vita, moto, panya na mafuriko zikiwa nzima. Zikafika kwangu, na mimi nikazikwangua, ndani na ukingoni, kwa wema.

Julai 2

Sikushika kazi.

Julai 3

Mvua.

Julai 4

Nimemwonyesha Kinue gamba na lenzi. Alitazama muda mrefu na jicho lake moja zuri.

"Nyamaza," akasema.

"Dada."

"Nyamaza, nakwambia. Siri ya maiti aijuaye ni mwosha, na hapa waosha ni sisi. Aibu hii wameibeba miaka mia na hamsini, mzee mwenyewe ameizoea. Ukisema, makumbusho yatachukua kesho yake zile kofia zao mbili za vita walizotuletea tuzitengeneze. Nani atampa deraya fundi anayekwangua bila kuchora? Wewe labda utafundisha. Mimi nina miaka sabini, Fumie, najua kusuka kamba tu."

Nilimwona mwoga, nikakaribia kumwambia. Kisha nikakumbuka ni nani aliyetazama dawati lake.

Julai 7

Mvua nyembamba. Ni sikukuu ya nyota: watoto wametundika karatasi za maombi kwenye mianzi mbele ya shule, na wino wote umechuruzika.

Nimekwenda kwa Mzee Igari nikiwa na kisingizio, kipande cha kamba ili achague rangi. Alishachagua mwezi uliopita, na alijua kwamba najua. Akanikaribisha hata hivyo. Akatoa samaki wa kukaushwa aliyemloweka mwenyewe kwa siki na majani ya sansho yenye kuwasha ulimi, akanitazama nikila.

"Natsuko huwa anapiga simu Jumapili," akasema. "Dakika kumi. Tunaongea hali ya hewa. Mimi namwambia kunanyesha, yeye ananiambia Sapporo hakunyeshi."

Akanionyesha madhabahu ya nyumbani yenye vibao vya majina ya wazee wake. Cha Yagorō hakikuwepo. Akavuta droo ya chini. Kibao kilikuwa humo, kimelala kifudifudi.

"Baba yangu alikilaza hivi," akasema. "Na mimi sikukigeuza. Sijawahi kumwashia udi hata mara moja. Nikifa sijui nitamwambia nini huko."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kinywa changu kilikuwa kimejaa samaki. Nilimeza, nikaomba kipande kingine. Nilikula vipande vitatu, nikamshukuru, nikarudi nyumbani na mwavuli wake kwa sababu wangu niliusahau. Sijawahi kujidharau kama leo.

Julai 8

Unyevu tisini. Kila kitu kinakauka vizuri isipokuwa mimi.

Julai 12

Mvua kubwa, radi upande wa mlima Bandai.

Nimerudisha mwavuli, na nimesema. Nilipiga magoti mlangoni kabla hajanikaribisha ndani, kwa sababu nilijua nikishakaa nitakula tena. Nikaweka gamba juu ya leso mbele yake, nikampa lenzi, nikaeleza yote: kwamba nilikwangua bila kuchora, kwamba niliziba bila kumwuliza, na nilichokikuta baadaye kwenye kopo.

Akanifanya nirudie habari ya nyekundu.

"Nyekundu iko chini ya nyeusi."

"Ndiyo, mzee."

"Na fundi aliyekuja baada ya vita asingeijua."

"Asingeijua."

"Sasa haipo."

"Haipo. Nimeiondoa mimi."

Akaiweka lenzi juu ya leso. "Kwa nini uliziba?" akauliza. "Mimi sikukwambia."

"Nilitaka kukusitiri."

"Kwa hiyo na wewe uliamini kwamba alikimbia."

"Niliamini."

"Na mimi," akasema Mzee Igari. "Miaka yote hii. Mimi ni damu yake, na niliamini kuliko ninyi."

Nikamwambia kwamba kuna jingine, nikamsimulia habari ya chaki. Nilidhani hili ni dogo baada ya lile. Uso wake ndio kwanza ukabadilika.

"Koti lile nililifua mimi," akasema. "Mama yake alikuwa shambani. Chaki ilitoka mara moja, haikuwa kazi. Nikamwambia mtoto, kesho omba kukaa safu ya mwisho, mgongo uwe ukutani. Basi. Shuleni sikwenda. Niliona haya kwenda kuuliza. Natsuko akanitazama, na tangu siku ile hajanitazama vile tena."

Nilitaka kumwomba msamaha, akainua mkono. "La chaki usiniombe mimi. Mwenyewe yuko Sapporo. Na la deraya utalisema tarehe ishirini, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimekaa pale pale."

"Nitalisema."

"Sasa nenda, Bi Hoshi. Nina mtu wa kuongea naye."

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nilisikia droo ikivutwa.

Julai 13

Nimemwambia Kinue kwamba nitasema. Amesuka mpaka vidole vikavimba.

Julai 16

Mvua. Kamba za mapaja zimekwisha. Ni nyeusi na buluu, kama za awali.

Julai 18

Deraya imesimama. Kwa mbele ni nzuri mno. Nyuma siendi.

Julai 20

Manyunyu. Walikuja watu ishirini na wanne, karakana ikajaa miavuli. Bwana Mizushima, mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alisifu kamba, akasifu mapaja, akazunguka nyuma. Akasimama. Akapitisha kidole.

"Mzee Igari," mmoja akasema toka pembeni, "naona tundu limepona."

Wakacheka, si wengi, lakini wa kutosha. Mzee Igari alikuwa amekaa kitini mikono magotini. Hakumtazama aliyesema. Alinitazama mimi.

Nikasimama nikasema. Sauti yangu ilikuwa mbovu, nilirudia maneno, nililia mahali ambapo sikupanga kulia. Gamba lilipita mkono kwa mkono pamoja na lenzi. Bwana Mizushima alilitazama kuliko wote.

"Bi Hoshi, gamba lililobanduka ni gamba tu," akasema bila ukali. "Linaweza kutoka kwenye deraya yoyote. Tabaka zingekuwa mahali pake ningeandika leo hii kwamba deraya hii ilipimwa kwa risasi. Bila hizo siwezi."

"Najua. Basi andika aliyeziondoa." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno haya siku nane. "Andika kwamba fundi Hoshi Fumie alikwangua kibonyeo bila kuchora wala kupiga picha, akakiziba bila idhini ya mwenye mali, na kwamba aliyoyakuta baadaye ni haya. Atakayesoma aamue mwenyewe. Lakini hakuna fundi anayejitungia aibu ya namna hiyo."

Watu wakatazama mikeka. "Utatia saini?" akauliza Bwana Mizushima. "Daftari hili halifutwi."

"Nitatia."

Hapo Kinue akainuka toka mlangoni alikokuwa amekaa kama mgeni, akapita katikati ya watu, akaliweka kopo la chai mezani kwa kishindo. "Na mimi natia," akasema. "Nilifagia mimi siku ile ile, tarehe hiyo hapo nimeiandika. Huyu mdogo wangu ni mjinga, lakini si mwongo. Kama angekuwa mwongo tungekuwa tumekula chakula cha mchana saa hizi."

Bwana Mizushima akaandika ukurasa mzima, akausoma kwa sauti. Jina langu limo mara nne. Kila lilipotajwa nilisikia joto toka shingoni mpaka utosini. Yagorō ametajwa mara moja, mwishoni: alama ya mgongoni, kwa ushahidi wa mafundi waliotia saini hapa, ni ya kale kuliko vita na haihusiani naye.

Mzee Igari alipoondoka, yule aliyesema tundu limepona aliinuka na kumwinamia. Mzee akampita polepole, akatoka, mgongo wake ukionekana na wote.

Julai 22

Makumbusho wamechukua kofia zao mbili. Wameinama kwa adabu sana. Kinue amewafungia kwa uangalifu, akawapa na mwavuli.

Julai 25

Redio imesema mvua zimekwisha. Jua limetoka kali, na karakana yetu haina kitu cha kukausha wala cha kutokausha.

Mzee Igari alikuja na teksi. "Lifungue tundu," akasema.

Safari hii nilichora kwanza, kurasa nne, na Kinue akapiga picha kila hatua. Kisha nikakitoa kiraka changu, ile kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kilitoka kwa saa mbili. Chuma kikabaki wazi, na mikwaruzo ya patasi yangu kukizunguka.

"Nikipake, au nikiache hivi?"

"Kiache," akasema. "Na alama zako ziache. Zenyewe nazo ni za kweli."

Gamba tumeliweka ndani ya kijisanduku, kijisanduku ndani ya sanduku la deraya.

Agosti 13

Jua. Siku ya kwanza ya wafu.

Nimekwenda kwa Mzee Igari asubuhi kuisimamisha deraya sebuleni. Ameitaka igeuzwe kidogo, ili anayeingia aone na mgongo. Juu ya madhabahu kibao cha Yagorō kimesimama kati ya wenzake, cheusi kuliko vyote kwa kukosa moshi wa udi. Mzee alikuwa amelala kidogo kabla ya kwenda makaburini.

Natsuko, safari hii amekuja bila mazishi, alikuwa ukumbini akijifunga ukanda wa kimono. Nywele zake ni nyeupe zote. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Julai, yakanipotea yote.

"Natsuko, ile chaki ilikuwa mimi."

"Najua," akasema. "Niliiona vidoleni mwako siku ile ile."

Nikauliza kwa nini hakunitaja.

"Nilikuwa nangoja useme. Nilidhani itachukua wiki." Akavuta ukanda kwa nguvu. "Baba anasema amekusamehe habari ya deraya. Hilo ni lake. Mimi langu bado sijui."

"Sawa."

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Nimefika jana tu."

"Sawa, Natsuko."

Mzee akaita toka ndani kwamba teksi imekuja. Natsuko akatafuta kioo, hakukiona, akageuka. Akanipa mgongo.

"Nitazamie huku nyuma," akasema. "Ukanda umekaa sawa?"

Ulikuwa umepinda kidogo upande wa kushoto. Nikafuta mikono yangu kwenye aproni, mara mbili, nikaunyoosha.